Ulifanya Nini Usiku Ule? Mtumishi wa Mkataba Mbele ya Jopo la Usaili

Muuguzi mkunga aliketi mbele yetu, mikono ameilaza juu ya bahasha ya kaki yenye vyeti vyake. Tulikuwa wasaili wanne. Mwenzangu alimsomea swali lililokuwa limeandikwa kwenye karatasi zetu zote: "Tueleze wakati mmoja ambapo hali ya mgonjwa wako ilibadilika ghafla na msimamizi wako hakuwepo. Ulifanya nini?" Alifikiri kidogo, akajibu kwamba kwao wagonjwa wa namna hiyo ni wengi, kwamba huwa wanashirikiana vizuri, wanafuata mwongozo, na jambo likiwazidi humpigia simu mkubwa wao. "Tunamhudumia, kisha tunampa rufaa," alisema, akanyamaza. Nilimpa alama mbili kati ya tano. Wenzangu hawakutofautiana nami sana. Kazi hakuipata.

Miezi michache baadaye nilikuwa katika msafara wa usimamizi elekezi mkoani Shinyanga, tukafika Mwakitolyo. Kama ilivyo desturi yangu, niliomba rejista ya MTUHA ya wodi ya wazazi nikaanza kupekua kurasa. Mwandiko mmoja ulijirudia ukurasa baada ya ukurasa, hasa zamu za usiku. Nilipouliza mwenye mwandiko huo, aliitwa, akaingia yule yule mwenye bahasha ya kaki. Alinipa shikamoo, nami nikaitikia kwa aibu ambayo sidhani kama aliiona.

Kiongozi wake ndiye aliyenisimulia kisa. Usiku mmoja wa mvua mama mmoja aliletwa kwa bodaboda kutoka upande wa mialo, amejifungua njiani, kanga imelowa damu. Mkunga huyu alikuwa peke yake na mhudumu mmoja wa usafi. Alisugua mfuko wa uzazi hadi ukakaza, akachoma oksitosini yunti kumi kwenye paja, akaweka mpira wa mkojo, akafungua mshipa na kutundika dripu, akakagua kondo la nyuma akaona kipande kimebaki, akakitoa kwa mkono, akatoa dawa ya traneksamiki, akapiga simu ya gari la wagonjwa, kisha akapanda naye garini. Mama yule alirudi baada ya siku chache, mtoto mgongoni, kuulizia kadi ya kliniki.

"Kwa nini hukutueleza hili?" nilimwuliza.

"Daktari, mimi nilidhani mnauliza namna tunavyofanya kazi. Halafu mtu utajisifuje mbele ya wakubwa?"

Makala hii inatokana na jibu hilo. Ameniruhusu niiandike, na nimebadili mambo machache ili asitambulike. Naiandika kwa ajili ya wauguzi, matabibu, wateknolojia wa maabara na wafamasia wanaofanya kazi kwa mikataba, na kwa ajili ya wagonjwa wanaohudumiwa nao, kwa sababu anayeshinda usaili ndiye atakayekupokea usiku utakapofika kituoni.

Kata yenye dhahabu na mikataba mifupi

Mwakitolyo ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, katika jimbo la Solwa. Ni nchi ya Wasukuma, wakulima na wafugaji, ambayo dhahabu imeibadili sura. Mgeni huyasikia makarasha yakisaga mawe kabla hajayaona. Kuna maduara yaliyoshikiliwa kwa matimba, kuna mialo ambako mchanga huoshwa na dhahabu kunaswa kwa zebaki, na kuna vilima vya marudio vinavyosubiri kuchenjuliwa upya. Watu hutoka Geita, Kahama, Mwanza na mbali zaidi. Rashi ikivuma kwingine, wengi hufunga virago.

Kwa mhudumu wa afya, mahali pa namna hii ni darasa gumu. Mchimbaji anafukuliwa kutoka kwenye kifusi akiwa na nyonga iliyovunjika. Mwingine anakohoa tangu mwaka jana, na kikohozi chake huenda ni kifua kikuu, huenda ni silikosisi itokanayo na vumbi la mawe, huenda ni vyote viwili kwa pamoja. Mjamzito anachoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki kwenye jiko lile lile analopikia ugali. Kuhara kukianza kambini, vyoo ni vichache na maji ni ya kununua. Tabibu aliyekaa miaka minne katika mazingira haya ameamua mambo mengi kuliko mwenzake wa mjini ambaye daktari bingwa yuko mlango wa pili.

Hata hivyo, wengi wa watumishi hawa wako kwa mkataba. Yupo anayelipwa na mapato ya ndani ya halmashauri, yupo wa mradi wa VVU au kifua kikuu, yupo aliyeletwa na taasisi kama ile ya Benjamin Mkapa, ambayo tangu kuanzishwa kwake mwaka 2006 imepeleka watumishi katika wilaya zenye uhaba, yupo wa zahanati ya kampuni ya madini, na yupo anayejitolea kwa posho ya nauli. Mkataba ni wa mwaka mmoja, miaka miwili, wakati mwingine miezi sita. Mapema mwaka 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa miradi nchini walijikuta mikataba yao imesimama kabla ya tarehe iliyoandikwa. Wengi wao sasa wanaomba kazi za kudumu, na mlango wa kazi hizo ni usaili.

Kutoka kupangiwa kituo hadi kupimwa

Wengi wa rika langu hawakusailiwa walipoingia serikalini. Ulihitimu, ukamaliza mafunzo kwa vitendo, barua ya kupangiwa kituo ikatoka, ukabeba sanduku ukaripoti. Ndiyo maana ushauri wetu kwa vijana kuhusu usaili mara nyingi hauwafai. Tunawaambia wavae vizuri na wawe na heshima, basi.

Mambo yamebadilika. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, huendesha usaili kwa hatua: mtihani wa mchujo wa kuandika, usaili wa vitendo kwa baadhi ya kada, na mahojiano ya ana kwa ana. Mashirika na kampuni nazo zina majopo yao. Na katika mahojiano, swali linalozidi kuulizwa ni lile lililomwangusha mkunga wa Mwakitolyo: lisilouliza unajua nini wala ungefanya nini, bali ulifanya nini.

Asili ya swali hilo ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Marekani John Flanagan alieleza njia ya kukusanya visa halisi vya kazi, vilivyofanikiwa na vilivyoharibika, ili kujua kinachomtofautisha mtendaji mahiri na asiye mahiri. Njia hiyo aliikuza alipokuwa akishughulika na marubani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1973 David McClelland wa Harvard akadai kwamba ni bora kupima umahiri kuliko kupima akili. Kwetu sisi wa tiba, Ronald Harden wa Dundee, Uskochi, alileta mwaka 1975 mtihani wa vituo, ambapo mwanafunzi hupita meza moja hadi nyingine akionyesha kwa mikono anachoweza. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilianza kutumia mitaala inayojengwa juu ya umahiri mwaka 2011. Usaili wa umahiri, basi, ni ndugu wa mtihani ambao vijana wetu wameshaufanya chuoni; tofauti ni kwamba safari hii mgonjwa hayupo mezani, yuko katika kumbukumbu ya msailiwa.

Je, njia hii inafaa? Utafiti unaiunga mkono kwa sharti moja. Uchambuzi wa Paul Sackett na wenzake, uliochapishwa mwaka 2022, uliuweka usaili wenye muundo juu ya vipimo vingine vingi katika kubashiri nani atafanya kazi vizuri. Sharti ni huo muundo: kila msailiwa aulizwe maswali yale yale, na alama zitolewe kwa kigezo kilichoandikwa kabla. Jopo linalopiga soga na kutoa alama kwa kuvutiwa na mtu halipimi umahiri, hata kama limeliita zoezi lake hivyo.

"Sisi" na "mimi"

Nirudi kwenye jibu la mkunga. Lilikuwa na kasoro mbili, na zote mbili nimezikuta kwa wasailiwa wengi wa mikataba.

Ya kwanza ni "huwa". Swali liliomba wakati mmoja. Yeye alieleza desturi. "Huwa tunafuata mwongozo" ni sentensi ambayo hata asiyewahi kumgusa mgonjwa anaweza kuitamka. Msaili hawezi kuipa alama kwa sababu hakuna tendo ndani yake la kupimwa. Lugha yetu inatupa njia nyepesi ya kujichunguza: kitenzi kikianza na "hu-", uko kwenye desturi, kikiwa na "-li-", uko kwenye kisa. Nilichoma, nilipiga simu, nilikagua. Anayejiandaa na ajisikilize.

Ya pili ni "sisi", na hii ni ngumu zaidi kwa sababu inatokana na malezi mema. Tumefunzwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Binti aliyelelewa usukumani, ambaye bado hupiga goti kidogo anapomsalimu mkubwa, hawezi kwa siku moja kuketi mbele ya watu wanne waliomzidi umri na kuanza kusema mimi, mimi, mimi. Mtumishi wa mkataba ana sababu nyingine juu ya hiyo: miaka yote amekuwa wa mwisho kutajwa. Semina wanakwenda wa kudumu, cheti cha mfanyakazi bora anapewa wa kudumu, naye ameshazoea kujiona kama msaidizi hata katika zamu ambazo alikuwa peke yake.

Simshauri mtu avunje adabu. Namshauri aone kwamba jopo halimwombi ajisifu, linamwomba ushahidi. Mkunga anapomkabidhi mgonjwa kwa daktari wa rufaa husema: "Nimempa oksitosini yunti kumi saa nane na dakika kumi." Hakuna anayemwona ana majivuno. Ni taarifa, na mwenye kuipokea anaihitaji ili aamue. Jibu la usaili ni makabidhiano ya namna hiyo hiyo. Nilipomweleza hivyo, mkunga wetu alicheka, akasema kumbe anajua kufanya hivyo kila siku.

Tuliketi nyuma ya jengo akasimulia upya. Mara ya kwanza alianza na mvua, bodaboda na kelele za ndugu, na dakika nne zikapita kabla hajamgusa mgonjwa. Visa vyetu ndivyo vilivyo. Tunapenda kuanzia mbali. Mara ya pili alipunguza: hali ilikuwaje, kwa sentensi mbili, yeye alikuwa na wajibu gani usiku ule, kwa sentensi moja, kisha alichofanya, hatua kwa hatua, akieleza na sababu ya kila hatua, mwishoni matokeo. Hapo kwenye sababu ndipo alama nyingi zilipo. Kusema "niliweka mpira wa mkojo" ni kitendo. Kusema "niliweka mpira wa mkojo kwa sababu kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza" ni umahiri. Na matokeo yasiishie kwa "mama alipona". Je, kuna kilichobadilika kituoni baada ya usiku ule? Alikumbuka kwamba kesho yake alipanga dawa na vifaa vya kuzuia damu katika sanduku moja karibu na kitanda cha kujifungulia, maana usiku ule alipoteza muda akifungua kabati. Sanduku hilo lipo hadi leo. Alikuwa hajawahi kulihesabu kama jambo la kueleza.

Jibu zima lilichukua kama dakika tatu. Ningelipa tano.

Niseme pia kuhusu lugha. Mkunga huyu alimsikiliza mgonjwa kwa Kisukuma, akampigia dereva kwa Kiswahili, akaandika fomu ya rufaa kwa Kiingereza. Kumbukumbu yake ya usiku ule iko katika lugha tatu. Ni busara kufanya mazoezi ya kisa kwa lugha itakayotumika katika chumba cha usaili, na kama hujui ni ipi, kwa zote mbili, hasa majina ya dawa na hatua za kitabibu. Nimeona watu wakikwama katikati ya kisa kizuri wakitafuta neno moja.

Daftari la mkataba

Mtumishi wa kudumu ana jalada. Barua zake, tathmini zake na mafunzo yake vyote viko masijala. Wa mkataba akiondoka, mara nyingi anabaki na nakala ya mkataba na kumbukumbu zake tu, nazo hufifia. Baada ya miaka mitatu hukumbuki kama alikuwa mwezi Machi au Mei, kama ulikuwa na msaidizi au hukuwa naye, na jopo likikuuliza swali la nyongeza unaanza kubuni. Wasaili hulitambua hilo haraka.

Kwa hiyo maandalizi hayaanzi tangazo linapotoka. Yanaanza kazini, kwa daftari la shilingi chache. Mara moja kwa wiki, andika kisa kimoja kwa mistari sita au saba: nini kilitokea, uliamua nini, kwa nini, kiliishaje, na safari nyingine ungefanya nini tofauti. Usichague ushujaa peke yake. Andika siku uliyomtuliza ndugu mwenye hasira, siku uliyogundua kwamba hesabu ya dawa haiendani na rejista, siku uliyomfundisha mwenzako mgeni kuandaa sampuli ya makohozi, siku uliyomuuliza mgonjwa wa kikohozi kazi yake, ukagundua ameshatumia dawa za kifua kikuu mara mbili huku vipimo vya makohozi havionyeshi kitu, ukampeleka kwenye eksirei na kumwandikia daktari kwamba ni mchimbaji wa miaka kumi. Majopo hupima mengi zaidi ya mikono: mawasiliano, uadilifu, kufanya kazi na wenzako, kufanya uamuzi. Mtu mwenye visa kumi na viwili vilivyoandikwa vizuri hupata wa kujibu karibu swali lolote.

Hesabu nazo zina nguvu. Mteknolojia anayesema "nilipima sampuli nyingi" hasemi kitu. Anayeweza kusema, kwa kuhesabu rejista yake mwenyewe, ni sampuli ngapi alipima katika robo mwaka na ngapi zilikataliwa kwa ubovu wa ukusanyaji kabla na baada ya yeye kuwaelekeza wahudumu wa jamii, huyo ana ushahidi. Omba idhini ya mkuu wa kituo kabla ya kuhesabu, na chukua jumla tu.

Hapo nina onyo. Daftari hili lisiwe na jina la mgonjwa, wala namba ya jalada, wala kitu chochote kitakachomfanya atambulike. Katika kata ya machimbo kila mtu anajuana. Ukiandika "mke wa mwenye duara kubwa" umeshataja jina. Nimewahi kumsikia msailiwa hodari akitueleza hali ya VVU ya mgonjwa wake kwa jina la ukoo na kijiji anachotoka. Alidhani anatuonyesha anavyowajua wagonjwa wake. Kwangu mimi usaili wake uliisha hapo, na sijutii.

Swali la kosa

Lipo swali ambalo watumishi wa mkataba hulihofia kuliko yote: "Tueleze kosa ulilowahi kufanya kazini." Mwenye ajira ya kudumu huliogopa kidogo, wa mkataba huona kama mtego, kwa kuwa kosa moja limewahi kumnyima mwenzake kuongezewa muda. Hivyo hujibu kwamba hajawahi kukosea, au hutoa kosa la mapambo, kwamba anafanya kazi kupita kiasi.

Mimi ni daktari wa uzazi. Katika mwaka wangu wa kwanza baada ya shahada nilichelewa kutambua dalili za hatari kwa mama mwenye shinikizo la damu la ujauzito, nikampangia kumwona tena asubuhi. Alipata kifafa cha mimba alfajiri. Alipona, lakini tangu siku hiyo sijawahi kumwacha mama anayelalamikia kichwa na kuona ukungu bila kumpima mkojo na shinikizo mimi mwenyewe kabla sijaondoka wodini. Hayo nimeyaeleza katika usaili mara moja, na nilipata nafasi niliyoomba. Msaili makini anajua kwamba hakuna mtabibu asiyekosea. Anachotafuta ni kama ulitambua, kama ulisema, na kama ulibadilika. Chagua kosa la kweli, lililokwisha kushughulikiwa, ulilolitolea taarifa. Lieleze bila kumsukumia mwingine.

Na usiazime kisa cha mwenzako. Wasaili huuliza maswali ya ndani: taa zilikuwepo? nani alishika tochi? ulimwambia nini mume wake? Aliyekuwepo hujibu bila kufikiri. Asiyekuwepo hutazama dari.

Vyeti, majina na nauli

Haya niyapitie haraka, ingawa yanawaangusha watu wengi kabla hata hawajafika mbele ya jopo. Hati za matokeo za muda hazipokewi mahali pa vyeti halisi. Majina yakitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa na vyeti vya shule, utahitaji hati ya kisheria ya kuthibitisha majina, nayo haitengenezwi kwa siku moja. Leseni ya baraza la taaluma yako iwe hai. Nimeona leseni iliyoisha wiki mbili kabla ikifuta kazi ya miaka mitano. Anayetoka Mwakitolyo na asafiri siku iliyotangulia. Barabara ya masika haina huruma, na mlango wa usaili hufungwa kwa saa. Omba ruhusa kwa maandishi, ubaki na nakala.

Jambo moja hapa nitalikawilia. Mkataba unapokwisha, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri kumpa mfanyakazi cheti cha utumishi. Watu hawakidai, wakidhani ni fadhila. Kidai siku ya mwisho ya kazi, kabla meneja wa mradi hajahamia mkoa mwingine na ofisi haijafungwa.

Kwa waganga wafawidhi na kwa wagonjwa

Ndugu zangu mnaoongoza vituo, mtumishi wa mkataba akiwaomba barua, msimwandikie kwamba "ni mwaminifu, mchapakazi na anashirikiana vizuri na wenzake". Barua hiyo tumeisoma mara elfu. Andikeni alisimamia zamu ngapi, aliachiwa wodi gani, alifundisha nani, alianzisha nini. Kama ni kweli kwamba aliokoa mama usiku wa mvua, andikeni hivyo bila kumtaja mama. Na mnapogawa nafasi za mafunzo, mkumbuke kwamba anayeshika zamu za usiku ndiye anayezihitaji zaidi, awe na ajira ya kudumu au asiwe nayo.

Nawe mgonjwa, sanduku la maoni la kituoni hukujazwa malalamiko, na ni haki yako kulalamika. Lakini ukihudumiwa vizuri na muuguzi fulani, andika pia, utaje siku na alichokufanyia. Karatasi ile husomwa katika kikao cha kamati ya kituo na huingia kwenye kumbukumbu. Kwa mtu asiye na jalada, huenda ikawa ndiyo maandishi pekee yanayoonyesha kwamba aliwahi kuwepo.

Nasi wasaili tuna deni letu. Siku ile swali lilikuwa zuri, na jopo lilikuwa na kigezo kilichoandikwa, lakini msailiwa alipojibu kwa "huwa tunafanya", hakuna kati yetu aliyemwambia: "Dada, tupe siku moja, utuambie wewe ulifanya nini." Sentensi moja ya namna hiyo haivunji usawa, ili mradi kila msailiwa aambiwe vivyo hivyo. Tangu niliporudi kutoka Shinyanga nimeomba iandikwe kwenye karatasi ya maswali ya kila jopo ninaloketi, na majopo mawili yamekubali. Jopo la tatu lilisema muda hautoshi.

Mkunga wetu aliomba tena mwaka uliofuata, akiwa na daftari lenye visa zaidi ya ishirini. Alinipigia simu jioni ya siku aliyosailiwa, akaniambia wamemuuliza kuhusu mgogoro na mwenzake wa kazi, wala si kuhusu kutokwa damu, naye alikuwa na kisa cha Juni alichokiandika. Amepata ajira ya kudumu katika halmashauri ya mkoa mwingine, mbali na machimbo. Kule Mwakitolyo zamu zake za usiku zinashikwa sasa na kijana mwingine wa mkataba wa mwaka mmoja. Alimwachia lile sanduku la dawa za kuzuia damu, na daftari jipya.